Hadithi ya picha za midoli ikikwama: dalili, sababu na namna ya kuinusuru

Nahodha alikaa ndani ya mtungi wiki tatu. Ni mdoli wa plastiki wa sentimita 10, kanzu yake imeshonwa kwa kipande cha shuka, na mtungi ni wa maji, wa nyanyake mmoja wetu huko Kisauni. Picha ya nane ilimwacha chini kabisa ya mtungi, uso ameuelekeza juu, duara la mwanga limemwangukia kifuani. Picha nzuri mno. Kisha kimya. Watu saba ambao wiki moja nyuma walikuwa wakigombania zamu, hakuna hata mmoja aliyejitokeza kupiga picha ya tisa.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mmoja hupiga picha ya mdoli akiwa katika tukio fulani, huandika sentensi moja au mbili, kisha humwachia mwenziwe. Mwenziwe hupiga picha inayofuata, naye humwachia wa tatu, hivyo hivyo mpaka hadithi ifike mwisho. Aliyelelewa Mombasa hahitaji kufunzwa roho ya mchezo huu. Ukisema "Paukwa!" lazima mtu aitikie "Pakawa!", la sivyo hadithi haianzi.

Hadithi ikikwama, wengi hukimbilia kuilaumu simu: kamera hafifu, mwanga mbaya, mdoli havutii. Nami nilikuwa hivyo. Kwa hadithi nilizoshiriki, zilizofika mwisho na zilizokufa njiani, nimeona ugonjwa hauko sana ndani ya picha. Uko katikati ya picha na picha, pale mkono mmoja unapouachia mwingine. Nitaanza na maradhi ya picha kwa sababu ndiyo mepesi kutibu, lakini nisingependa usomaji wako uishie hapo.

Kipimo kabla ya tiba

Chukua picha tatu za mwisho, ficha maneno yote, umwonyeshe mtu asiyehusika na mchezo. Sisi humwonyesha mama anayetuuzia mbaazi na mahamri asubuhi, kwa kuwa husema analoliona bila kutupamba. Muulize mawili tu: "Hapa pametokea nini?" Kisha: "Ungependa kujua nini?"

Akishindwa na swali la kwanza, mgonjwa ni picha. Akilijibu la kwanza vizuri na la pili akanyamaza, mgonjwa ni hadithi. Akiyajibu yote mawili, tena kwa hamu, na bado hakuna anayepiga picha inayofuata, basi tatizo ni la watu na hakuna lenzi itakayolitatua. Usitibu kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo matatu. Tuliwahi kupoteza mwezi mzima tukijifunza habari za taa, kumbe wawili kati yetu walikuwa hawasemezani.

Mtazamaji haoni kilichotokea

Dalili inayojirudia kuliko zote ni mdoli kuonekana kama kitu kilichosahauliwa sakafuni. Sababu yake ni moja: simu imeshikwa kwa kimo cha mtu mzima aliyesimama. Teremka. Tandika leso, yaani kanga, ulale kifudifudi ikibidi, lenzi iwe sawa na macho ya mdoli. Na kwa kuwa lenzi ya simu hukaa juu ya mgongo wa simu, igeuze simu kichwa chini, lenzi ikaribie mchanga. Geuzo hilo peke yake hubadilisha dunia. Ukuta wa mawe ya matumbawe kule Mji wa Kale, ambao kwetu ni ukuta uliobanduka chokaa, kwa mdoli wa sentimita 4 huwa jabali lenye mapango.

Uso ukitoka na ukungu huku vitu vya nyuma viko safi, umekaribia mno. Kila lenzi ina umbali ambao ukiuvuka haishiki tena. Rudi nyuma kidogo kidogo mpaka ishike, kisha kuza mara mbili, au ukate picha baadaye. Jua pia kwamba ukiwa karibu hivyo, sehemu inayotoka safi huwa nyembamba sana, hata chini ya sentimita moja. Ikiwa hadithi inataka tuuone uso wa Nahodha pamoja na barua iliyo mkononi mwa mwenziwe, wapange bega kwa bega, wote umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Mmoja akitangulia mbele, mwingine amepotea. Mwenye kamera ya kurekebisha tundu la lenzi linalopitisha mwanga na alipunguze hadi f/8 au f/11, kisha aiegemeze mahali pasipotikisika.

Kuna ukungu mwingine ambao ni wa Mombasa hasa. Picha tano sita za kwanza zimefifia kama zilizomwagiwa maziwa, halafu zinazofuata ziko sawa. Umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, na unyevu wa nje umegandama kwenye kioo kilichopoa. Kufuta hakusaidii, unarudi papo hapo. Iache simu nje ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika 15 au 20 mpaka ipate joto, nawe wakati huo upange mandhari yako.

Jua letu linataka heshima yake. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaribia utosi mwaka mzima. Kuanzia saa nne hivi za asubuhi, macho ya mdoli huwa mashimo mawili meusi na ukingo wa kofia hufunika uso wote. Piga kabla ya hapo, au ungoje saa kumi ipite. Ikikulazimu mchana, jifiche barazani na usimamishe sinia ya alumini au kifuniko cha sufuria upande wa pili, kimrudishie mdoli mwanga usoni. Mchanga mweupe nao huihadaa kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwangaza, mdoli anatoka kama kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha upandishe mwangaza kwa kidole.

Na hapa kuna jambo ambalo limewahangaisha wengi. Ufuo wa Nyali na Bamburi unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini, halizami huko. Mwenzako akiandika "jua lilipozama majini, Nahodha akang'oa nanga" na zamu ni yako, usiende kungoja Nyali jioni. Nenda upande wa hori ya Tudor, ambako kutoka kisiwani utaliona likishuka ng'ambo ya maji. Au upige Nyali alfajiri, ulifanye jua la kuchomoza kuwa la kuzama. Mtazamaji hatatambua.

Mdoli akianguka anguka, upepo wa kusi ndio huo. Ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani hulainika zaidi kwa joto letu na kumwachia. Afadhali kipande cha waya kilichofungwa mguuni na kuchomekwa mchangani. Ukitaka ukungu wa alfajiri juu ya "bahari" yako, choma ubani kwenye chetezo, weka chetezo mbali na plastiki, na mwanga utoke nyuma ya moshi. Moshi uliopigwa mwanga kwa mbele hauonekani.

Kila picha ni nzuri, hadithi haisongi

Hii ndiyo dalili iliyonifanya niandike. Unazipanga picha kumi, kila moja ingefaa kutundikwa ukutani, lakini ukizitazama pamoja ni kama watu kumi waliokaa baraza moja, kila mmoja anazungumza na simu yake. Sababu ni kwamba hakuna aliyepokea. Kila mmoja aliingoja zamu ili atoe wazo alilokuwa ameliweka tangu Jumatatu.

Mvita, yaani Mombasa yetu hii, ni mji uliolelewa kwa majibizano. Hapa ndipo alipoishi mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, na tungo za zama zake zimejaa maneno ya kumwelekea mtu na kungoja jibu lake. Katika majibizano ya mashairi anayejibu hana uhuru wa kusema litakalomjia tu. Huifuata bahari ya mwenziwe, yaani aina ya shairi lake, mara nyingi hata vina vyake, hulishika neno lake na kuligeuza. Kwa kulishika ndipo huonyesha kwamba amesikia. Picha za kupokezana ni vivyo hivyo, na sisi tumejiwekea kanuni moja: shika kimoja, acha kimoja. Kila picha ishike kitu kimoja kinachoonekana kutoka picha iliyotangulia, na iache kitu kimoja ambacho bado hakijajibiwa. Nasisitiza kinachoonekana. Wazo halishikiki, huzuni haishikiki. Kamba hushikika, nyayo hushikika, sahani iliyovunjika hushikika.

Picha ya tatu ya hadithi ya Nahodha ilipigwa na binti wa Mikindani, hapa Mombasa. Nahodha amesimama mbele ya mlango mdogo wa mbao, ambao babake binti aliuchonga kutoka ubao wa kasha la matunda, na nakshi zake akazichora kwa ncha ya msumari. Chini kulia, karibu na ukingo wa picha, kulikuwa na kifungo chekundu cha shati. Kina matundu manne, na kwenye tundu moja uzi mweusi ulikuwa bado unaning'inia, ncha yake imechanika. Picha ya nne ikaja: Nahodha yuko sokoni, katikati ya vilima vya bizari na pilipili. Picha ya tano: Nahodha anapigana na kaa. Kaa wa kweli, na aliyeipiga alimngoja saa mbili atoke shimoni. Sote tulimshangilia yule kaa. Baada ya siku mbili binti akaniandikia: "Kaka, kifungo changu mumekiona?"

Hakuna aliyekiona. Yeye alikuwa ametufungulia mlango, nasi tukapita nje ya nyumba.

Tiba tuliyoipata ni ndogo na haina gharama. Anayepokea, kabla hajamgusa mdoli, huandika vitu vitatu anavyoviona katika picha aliyopewa. Haandiki atakalofanya, haandiki alivyofurahi. "Naona mlango. Naona kifungo. Naona mlango haujafungwa barabara." Aliyetuma hajibu lolote, haongezi maelezo, hamwelekezi. Kule kuandika tu kunalilazimisha jicho litulie. Tangu tuanze hivyo, kifungo kilirudi katika picha ya sita kama gurudumu la mkokoteni, na katika ya saba kama ngao.

Kwa nini basi ya nane ilikwama? Kwa sababu ilishika na haikuacha. Itazame tena: chini ya mtungi, kuta laini pande zote, Nahodha peke yake. Na sentensi iliyofuatana nayo ilikuwa, "Hapo ndipo alipojua kwamba hatatoka tena." Mama wa mbaazi tulipomwonyesha alisema, "Maskini, amekufa huyu," akaendelea kufunga mahamri. Swali la pili hakuwa nalo.

Maneno huifunga picha mara nyingi kuliko tunavyodhani. Sentensi isirudie kile ambacho picha imekwisha kukionyesha, na isitoe hukumu. Mwenzetu aliyepiga picha ile hakutaka kuibadili picha yenyewe, na alikuwa na haki, ilikuwa imetoka vizuri sana. Tukamwomba abadili maneno tu. Aliandika: "Huko juu, mtu alikohoa." Maneno manne, na mtungi ukapata mdomo.

Picha iliyokamilika mno nayo ni sababu. Mmarekani David Levinthal, ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akipiga picha za askari na wachunga ng'ombe wa kuchezea, huwaacha makusudi na ukungu kiasi kwamba plastiki haionekani tena, na jicho la mtazamaji ndilo linalomalizia. Huna haja ya kuiga mtindo wake. Chukua funzo la kwamba mahali pasipoonekana ndipo mwenzako atakapoingilia. Acha mlango nusu wazi. Acha kivuli cha mtu ambaye hayumo kwenye picha. Acha mkono wa mdoli ukielekeza nje ya fremu, na usituambie unaelekeza nini.

Wengine watakushauri ufiche zaidi: kila mtu aione picha moja tu ya mwisho na asijue yaliyotangulia. Ni sawa na ule mchezo wa wasanii wa Paris wa miaka ya 1920, wa kukunja karatasi na kuchora bila kuona alichochora mwenzako. Tuliujaribu. Tulipata kiumbe cha kufurahisha ila hatukupata hadithi, kwa sababu hadithi hutaka kumbukumbu. Siku hizi tunamruhusu anayepokea azione zote, ila tunamsisitiza aijibu ya mwisho.

Ikiwa kila zamu inaleta mhusika mpya, au kila zamu mtu anauawa, wekeni kikomo cha wahusika watatu mpaka picha ya tano. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Mtazamaji anapotea njiani

Jibu la "pametokea nini" laweza kuwa sahihi kwa kila picha na bado safari isieleweke. Baba wa mwenzetu mmoja, mzee aliyewahi kufanya kazi baharini, alizipitia picha zetu akasimama kwenye ya pili. "Huyu mbona yuwarudi? Amesahau nini?" Nahodha hakuwa anarudi. Katika picha ya kwanza alikuwa akitembea kuelekea kulia, na katika ya pili mpigaji alikuwa amekaa upande mwingine wa njia, akatoka akielekea kushoto. Kwa jicho la mtazamaji, amegeuka. Kubalianeni tangu mwanzo: safari ya kwenda ni kushoto kwenda kulia, na hubaki hivyo mpaka hadithi yenyewe imgeuze. Ukitaka kuhamia upande wa pili, katikati piga picha moja ya mbele, anakuja moja kwa moja kwenye lenzi. Ikishapita hiyo, upande wowote ni halali.

Ukubwa ni chanzo kingine cha kupotea. Vile vitu vyetu vya kuchezea vimetoka kila mahali: vidude vya plastiki vya sentimita 4, askari wa sentimita 10, mashujaa wa sentimita 15, punda wa mti kutoka kwa wachongaji, gari la waya. Wa sentimita 4 akisimama kando ya wa sentimita 15 anakuwa mtoto wake, hata kama hadithi inasema ni mkewe. Njia ni umbali. Ukimweka mdogo sentimita 20 kutoka kwenye lenzi, mkubwa arudi nyuma mpaka sentimita 75 hivi, nao wataonekana kimo kimoja. Hila hii ina masharti mawili: wasigusane, na ardhi kati yao isionekane. Ficha miguu yao nyuma ya jiwe au mkunjo wa leso. Na kwa kuwa mmoja yuko mbali, utarudi kwenye ile shida ya ukungu niliyoitaja, kwa hiyo fanya hivyo mahali penye mwanga mwingi na tundu la lenzi likiwa limepunguzwa.

Maji yenyewe hayakubali kupunguzwa. Tone moja la maji kando ya mdoli wa sentimita 4 ni kama mpira wa miguu. Kiwimbi cha sentimita mbili, ukikipiga kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde na lenzi ikiwa chini, huwa wimbi la kuogofya. Tumia hilo palipo dhoruba. Palipo bahari shwari, tandika leso ya samawati au karatasi ya nailoni.

Na bahari hasa, ile ya kweli, ina ratiba yake. Mwenzetu mmoja alipiga picha kwenye kidimbwi cha mwambani Nyali, maji yamepwa, samaki wadogo wa milia wamemzunguka Nahodha. Aliyepokea akaenda siku nne baadaye saa ile ile ili aendeleze pale pale, akakuta mwamba wote umefunikwa. Kupwa na kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu yakija, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, kidimbwi kile kinaweza kisijitokeze kabisa. Mwenye kuchagua mandhari ya bahari aandike tarehe, saa na hali ya maji. Anayemfuata ama apige siku ile ile, ama angoje karibu wiki mbili mpaka bamvua ijayo, saa zitakaribiana. Kama hawezi kungoja, aibadili hadithi: bahari imejaa na Nahodha amenaswa mwambani. Hilo ndilo lililotokea kwetu.

Kabla ya kukabidhi, piga picha nne za mdoli kwa ajili ya kumbukumbu: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Kilemba kimekaaje, jambia liko mkono upi, doa la matope liko bega gani. Zitume pamoja na ile ya hadithi. Na zote zitume kama faili, kwa sababu WhatsApp huzibana picha za kawaida, na ikibanwa mara tatu nne, kifungo chekundu hugeuka alama ya kahawia isiyojulikana ni nini.

Kila kitu kizuri, watu wametoweka

Zamu isiyo na siku hufa. Sisi tunatoa siku nne. Zikipita, zamu inahamia kwa mwingine bila lawama, na aliyeikosa anaweza kuomba nyingine. Neno "bila lawama" ndilo lililookoa urafiki mwingi. Watu wana kazi, wana watoto, wana mitihani. Aliyeona haya kwa kuchelewa hatarudi ikiwa kurudi kwake kutaanza na kuulizwa ulikuwa wapi.

Mkubwa wa grupu ni hatari ya aina yake. Nilikuwa katika kundi moja ambalo mwenye vifaa bora alikuwa akirekebisha picha za wenzake kabla hazijawekwa kwenye mfululizo. Alikuwa na nia njema, nami naamini hivyo mpaka leo. Lakini kijana mmoja, mtulivu, aliyekuwa akipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, alimwona mdoli wake ameng'arishwa na mwambao wake umekatwa, akaacha kutuma. Hakusema kitu. Tulipomfuata nyumbani akasema, "Ile si yangu tena, bwana." Tangu hapo hatugusi picha ya mtu. Ukiona kasoro, ijibu kwa picha yako. Picha yake ikiwa na giza, yako ianze na mtu anayewasha taa.

Watoto wakiwemo, waachieni watoe sentensi wao na msiwasahihishe. Mtoto wa miaka saba ndiye aliyetuuliza kwa nini Nahodha hali, na zikazaliwa picha tatu za viazi karai.

Kisha kuna kupotea kwa mdoli mwenyewe. Midoli yetu husafiri kikapuni, kwa tuktuk, kwa matatu, kwa feri ya Likoni. Kikapu kimoja hakikufika, na hakikupatikana. Waliokuwa na zamu walivunjika moyo wakataka tuanze upya. Kinga ni kuwa na pacha: kipande kingine cha shuka ile ile, mdoli mwingine wa duka lile lile. Ikiwa hakuna pacha, msimfiche aliyepotea. Yule wetu tulimtafuta kwenye picha nne mfululizo, wahusika wakiuliza mlango kwa mlango, na zile ndizo picha ninazozipenda kuliko zote tulizowahi kutengeneza.

Piga hodi pia. Mlango wa nakshi wa Mji wa Kale ni mlango wa nyumba ya mtu. Muulize mwenyewe kabla hujalala kwenye kizingiti chake na simu. Msikitini, omba ruhusa. Ngome ya Yesu iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, lipa kiingilio na uwaeleze unachofanya. Kivukoni na bandarini kuna walinzi na usalama wake, usitoe kamera ovyo. Watoto wakikuzunguka, nao watakuzunguka, wape mdoli wamshike lakini usiwapige picha nyuso zao bila mzazi.

Picha ya tisa ilitoka Mikindani. Sentensi ya kukohoa ilipowekwa, binti aliandika vitu vitatu: "Naona duara la mwanga. Naona uso umetazama juu. Sioni kifungo." Siku ya tatu akatuma. Ameipiga kutoka chini ya mtungi, simu imelala chali kando ya Nahodha, mdomo wa mtungi ni mwezi mweupe huko juu. Na katikati ya mwezi ule kinashuka kifungo chekundu, uzi mweusi umepita tundu mbili na kufungwa fundo, na ncha ya juu ya uzi imeshikwa na vidole ambavyo hatuvijui ni vya nani. Chini yake aliandika neno moja, "Panda." Zamu sasa ni ya mwenzetu wa Likoni, na ana mpaka Jumamosi, bamvua ikiwa bado ipo.